Masaa mawili na nusu jikoni, sekunde sita barabarani

Kila mtu akiiona hii pikipiki yetu ya roketi ya mvuke swali la kwanza ni "injini iko wapi?" na la pili ni "petroli unaweka wapi?", na mi nimechoka kujibu kwa mdomo ndo maana leo naandika. Injini hamna. Pistoni hamna, klachi hamna, giaboksi hamna, cheni hamna, moto wowote ndani hamna. Kuna tangi la chuma, maji, valvu moja kubwa na nozeli nyuma, yaani mdomo wa kutolea mvuke, basi. Ukiitazama harakaharaka utasema ni mtungi wa gesi umelazwa juu ya matairi mawili halafu mtu kaambiwa aulalie kifudifudi, na kusema kweli hutakuwa umekosea sana.

Iko hivi. Maji ukiyachemsha kwenye sufuria iliyo wazi yanaishia nyuzi 100, uongeze moto usiongeze, yataendelea kupungua tu kwa kuwa mvuke. Ila ukiyafungia yasipate pa kutokea, kama sufuria ya presha vile, japo hii ni sufuria ya presha iliyopagawa, yanazidi kupanda, 150, 200, 250, na bado ni maji. Hayachemki kwa sababu mvuke wake yenyewe umeyakalia kwa juu. Yakifika nyuzi 250 huo mvuke unayakandamiza kwa karibu bar 40, yaani kama mara 40 ya presha ya hewa ya kawaida. Sasa hapo fungua tundu nyuma. Presha inaanguka ghafla, maji yanajikuta na joto ambalo hayawezi kukaa nalo, na kama robo yake yanageuka mvuke palepale wakati yanatoka, na mvuke kwa hewa ya kawaida unataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji, kwa hiyo lazima ukimbie, na ukikimbia unayasomba na yale matone yaliyobaki. Ukipiga hesabu kwenye karatasi, vinatoka kwa kama mita 470 kwa sekunde. Kwenye nozeli ya kweli ukipata 400 na kitu ushukuru.

Roketi za kemikali zikisikia hiyo namba zinacheka, zenyewe zinatoa gesi kwa mita 2,500 mpaka 4,500 kwa sekunde. Sawa, zicheke. Mimi nikimwaga mafuta yangu sakafuni nachukua tambara tu. Eric Teboul yule Mfaransa aliyekuwa anakimbiza pikipiki ya roketi robo maili kwa kama sekunde tano yeye alitumia kemikali ya maji inayoitwa haidrojeni paroksaidi, na paroksaidi yenye nguvu za kuendesha roketi ukiimwaga kwenye glavu ya ngozi inaweza kuwaka. Namheshimu sana yule jamaa ila hiyo kitu siiweki karibu na ninapolala.

Wala hili si wazo letu, watu wamekuwa wakipanda mvuke siku nyingi. Sylvester Roper kule Marekani alikuwa na baiskeli ya mvuke tangu miaka ya 1860, na tarehe 1 Juni 1896, akiwa na miaka 72, alikufa akiwa juu ya nyingine kwenye uwanja wa baiskeli pale Cambridge, Massachusetts, na inadhaniwa moyo ndo ulisimama. Ile ilikuwa na boila na pistoni lakini. Hii ya maji ya moto na nozeli iliyoifanya ijulikane ni Skycycle X-2 ya Evel Knievel, yule Mmarekani wa kuruka na pikipiki michezo ya hatari, aliyoichora Robert Truax, mhandisi wa roketi aliyekuwa jeshi la majini la Marekani. Tarehe 8 Septemba 1974 wakaifyatua kuvuka korongo la Snake River kule Idaho, na parachuti ikachomoka wakati chombo bado kinatoka kwenye reli, upepo ukakirudisha kikaangukia kulekule chini korongoni, Knievel akatoka mzima. Watu miaka yote wakawa wanasema mvuke haufai. Mwaka 2016 mtoto wa Truax, Scott, akajenga roketi ya muundo uleule wa baba yake, Eddie Braun, mcheza michezo ya hatari wa sinema, akaingia ndani na akavuka. Halafu Februari 2020 Mike Hughes, jangwani karibu na Barstow, California, naye kwa roketi ya mvuke, parachuti ikang'oka mwanzo kabisa wa safari na akafa.

Angalia hizo safari tatu. Mvuke umefanya kazi yake mara zote tatu. Parachuti ndo imefanya kazi mara moja. Mi nilipoliona hilo nikamwambia mwenzangu ninayejenga naye parachuti yetu tunaijenga kwanza kabla hata ya tangi, akaniona nimechanganyikiwa, lakini ndivyo tulivyofanya, na sanduku la parachuti limefungwa kwenye fremu yenyewe kwa bolti nne, siyo kwenye kibati cha urembo, na kamba ya kuivutia iko mkono wa kushoto ambao wakati wa kuondoka hauna kazi nyingine yoyote.

Kwa pikipiki inayokimbia ardhini siku hizi mtu wa kumtazama ni Graham Sykes wa Uingereza, ana yake inaitwa Force of Nature na ameikimbiza Santa Pod, uwanja wa mbio za kunyooka kulekule Uingereza. Ukitafuta video yake utaona wingu jeupe, na mbele ya wingu kidoti. Hicho kidoti ndo yeye. Mi niliangalia ile video kama mara thelathini usiku mmoja na kesho yake nikaanza kuchora.

Haya, tangi. Lita 78, chuma kisichoshika kutu, na ndani tunaweka kilo 60 tu za maji. Watu wanauliza mbona hamjazi? Maji ya nyuzi 250 yamevimba kama asilimia 25 kuliko yalivyokuwa baridi, kilo 60 zinakuwa karibu lita 75. Ukijaza mpaka juu halafu ukaanza kupasha, maji yatafika mahali yamejaa tangi zima hayana pa kwenda, na maji hayabanwi, hapo presha haipandi polepole tena, inaruka, na kama sefti valvu haijawahi basi tangi ndo linaamua. Na hizo kilo 60 zikiwa moto zimebeba nguvu ambayo ikitoka yote kwa mkupuo ni zaidi ya ile ya kilo moja ya baruti ya TNT. Naandika hii kwa makusudi maana kuna mtu mahali atasoma hapa na ana mtungi wa zamani gereji na anafikiria. Kaka, usifikirie. Letu lilipimwa kwa maji baridi mpaka bar 60, mara moja na nusu ya kazi yake, kabla halijawahi kuonja joto, na linapimwa kwa baridi kwa sababu maji baridi yaliyobanwa yakipasua chuma yanavuja tu na kunyamaza.

Kulehemu hatukufanya sisi. Kuna fundi tunamwita Mzee, maisha yake yote ni maboila, anatuita "nyie watoto" japo mwenzangu ana mvi kichwa kizima. Siku ya kwanza kuja kuona tangi alikuta nimeshavuta mpira wa bombani nataka kujaza. Akaukanyaga. Kweli, alikanyaga mpira na kiatu, akaniuliza, "Mwanangu, hayo maji unajua yana nini?" Nikasema Mzee ni maji tu. Akanipa somo la nusu saa. Maji ya bomba yana kloridi, na chuma kisichoshika kutu ukikipa kloridi, joto, na mvutano kwa pamoja kinaanza kupasuka nyufa nyembamba za kama nywele, pembeni ya weldingi, kwa ndani, usikoona, halafu kwa nje linang'aa kama sahani ya harusi. Tangu siku hiyo ni maji yaliyotoneshwa tu, yale ya mvuke uliopozwa ukarudi kuwa maji, na kila baada ya kukimbia mara chache Mzee anapaka ile rangi nyekundu inayoingia kwenye nyufa, anafuta, anapulizia poda nyeupe, anakaa na tochi anatazama kama daktari wa macho, na sisi tumesimama nyuma kimya.

Nozeli yenyewe ni rahisi kuliko mlivyodhani, koo lake milimita 40, mbele ya koo inabana na nyuma inapanuka polepole, imechongwa kwenye mashine siku moja. Kazi ilikuwa valvu. Inabidi ishike bar 40 ya maji ya nyuzi 250 kwa masaa bila kuvuja halafu ifunguke yote kwa wakati mmoja, siyo kidogokidogo, kwa sababu ikifunguka nusu, maji yanaanza kugeuka mvuke palepale kwenye valvu kabla ya kufika kooni na nguvu inaishia ndani badala ya nje. Ya kwanza tuliyonunua ilikuwa na vikalio vya teflon, vikalainika, ikawa inadondosha, tukawa na pikipiki inayolia machozi ya mvuke. Ya pili vikalio ni chuma kwa chuma na inasukumwa na silinda ya hewa iliyobanwa, ilikuwa inachukua sekunde 0.8 kufunguka, tukaongeza unene wa bomba la hewa ikawa 0.2. Mkono wa kulia kuna klipu, ukiibana inafunguka, ukiiachia inafunga. Nikizimia au nikirushwa, inafunga yenyewe. Hilo halikuwa na mjadala.

Sasa nifike kwenye lile lililotupotezea miezi minne.

Jaribio la kwanza la moto tuliifunga pikipiki kwa minyororo kwenye sakafu ya zege, katikati tukaweka mizani ya kuvuta, tukapasha kwa elementi za umeme, kilowati 9 jumla. Hesabu inasema kilo 60 kutoka nyuzi 20 mpaka 250 zinataka kama kilowati-saa 17, kwa hiyo chini kidogo ya masaa mawili kama tangi halipotezi joto, na letu lina blanketi la sufi ya mawe. Baada ya saa moja na dakika ishirini geji ikasema bar 40. Tukafurahi! Tukasema blanketi letu kiboko, limeshinda hesabu. Hapa mtu mwenye akili angejiuliza blanketi linawezaje kufanya maji yachemke mapema kuliko umeme ulioingia, lakini sisi tulikuwa tunapongezana.

Tukajificha nyuma ya ukuta, tukavuta. Kwanza kikatoka kitu kama mpira wa zimamoto, maji, maji kabisa, mazito, yamenyooka, yakaenda kugonga uzio. Kama sekunde nzima hivi. Halafu ndo likaja wingu na mlio, na likaisha. Mizani ilisema kilo 310 za msukumo. Tulitegemea 750.

Tukalaumu nozeli. Tukachonga nyingine. Kilo 325. Tukalaumu valvu, ndo tukabadilisha lile bomba la hewa, kilo 330. Mwenzangu akaanza kusema labda hesabu za kwenye karatasi ni za maprofesa tu. Mzee akaja siku hiyo kwa jambo lake lingine kabisa, akasikiliza malalamiko, akaweka mkono juu ya tangi karibu na blanketi, akautoa haraka. Akaweka mkono chini, kwenye bomba la kutolea, akauacha pale kidogo zaidi. Akasema, "Huku chini pamepoa kuliko juu. Elementi mmeweka wapi?"

Tuliziweka ubavuni, katikati. Maji ya moto yanapanda, yaliyo chini ya elementi hayana sababu ya kupanda kwa hiyo yamekaa tu palepale, na geji haijui habari zao, geji inasikia presha ya mvuke, na mvuke unasikiliza yale maji ya juu tu yaliyo moto kuliko yote. Tukatoboa tukaweka vipima joto vitatu, juu, kati, chini, tukapasha tena. Geji bar 40. Juu nyuzi 250. Chini, pale pale mlangoni kwa valvu, nyuzi 95. Yaani tulikuwa tunaanza mbio kwa kurusha maji ya chai! Maji ya nyuzi 95 yakisukumwa na bar 40 yanatoka kwa chini ya mita 100 kwa sekunde na hayageuki mvuke hata tone, na pale ndipo zile kilo zetu zilipokuwa zinapotelea.

Elementi zikahamia chini kabisa, tukaongeza pampu ndogo ya kuzungusha maji. Masaa yakarudi kwenye hesabu, mawili na nusu sasa, blanketi likavuliwa ubingwa wake. Mizani: kilo 690. Wingu lilitoka tangu robo sekunde ya kwanza na ule mlio sijui niuelezeje, siyo mlipuko, ni kama kitambaa kikubwa sana kinachanwa na hakiishi. Mzee hakusema kitu. Alienda kukaa.

Na geji tumeiacha palepale, ila kwenye kioo chake mwenzangu kabandika utepe wenye maandishi "MUULIZE WA CHINI", yaani kipima joto cha chini.

Siku ya mbio tulipangiwa wa mwisho kabisa na sikukasirika, ukipita na mvuke unaacha mstari wa kuanzia umelowa na hakuna mwenye pikipiki ya petroli anayetaka kupasha tairi lake kwenye maji yako. Sisi tairi hatupashi. Ndo uzuri wa roketi, tairi halisukumi chochote, linazunguka tu, halitelezi, halina cha kushika, kwa hiyo wale wengine wanavyohangaika na mshiko wa lami sisi tunakunywa maji. Shida yetu ni nyingine, mstari wa msukumo lazima upite karibu kabisa na kitovu cha uzito, ukipita juu yake pua inakandamizwa chini, ukipita chini yake tairi la mbele linanyanyuka, na kitovu chenyewe hakitulii maana kilo 60 kati ya 350 zinaondoka ndani ya sekunde chache, na zikiwa bado zipo ukiondoka zinarudi nyuma zote kwa pamoja. Ndani tumeweka vibati vyenye matundu kuzituliza. Fremu ni ndefu hadi inachekesha, kuikata kona ni kazi ya watu wawili.

Kuanza kupasha ilibidi tukadirie zamu yetu masaa mawili kabla, na hapo ndo utajua tofauti yako na wenzako. Wenye petroli wakiambiwa ratiba imesogea wanazima wanakaa. Mimi nikiambiwa imesogea nina tangi la nyuzi 200 ambalo halizimiki, nashusha umeme wa elementi, nakaa mbali, naangalia. Ilisogea mara mbili. Watu wanakuja kupiga picha nawafukuza nyuma ya kamba, wananiona nina maringo.

Tulikubaliana tukimbie na bar 30 tu, nyuzi 234, kilo 50 za maji, umbali moja ya nane ya maili, mita 201. Nikalala juu ya tangi. Joto linapenya blanketi, linapenya suti ya ngozi, linakuja tumboni taratibu, siyo la kuunguza, ni kama kulalia ng'ombe mgonjwa. Nikamuuliza mwenzangu, "Wa chini anasemaje?" 231. Taa zikashuka, kijani, nikabana klipu.

Hakuna mlio kwa mpandaji, au upo ila unabaki nyuma. Kuna kusukumwa tu. Pikipiki ya petroli inakusukuma kwa vipande, gia, gia, hii ni mkono mmoja mgongoni unaoanza na nguvu zake zote halafu unachoka. Maana presha inaanguka kadiri maji yanavyotoka, hivyo kali kuliko zote ni ile nusu sekunde ya kwanza, na nilikuwa nimejiambia nitahesabu moja, mbili, tatu, nikafika moja. Nimepita katikati ya mstari tu, maji yakaisha. Kimya. Nikawa naserereka na upepo tu kama mtoto kwenye mteremko, wakati wenye injini hapo ndo kwanza wanaongeza. Nikavuka, nikavuta parachuti kwa kushoto, ikafunguka, ikanivuta kiuno, nikashika breki taratibu.

Sekunde 5.7, kilomita 187 kwa saa pale mwishoni. Kuna pikipiki za kawaida za dukani siku ile zilikuwa karibu yangu, kijana mmoja muda wake ulikuwa mfupi kuliko wangu, akaja kunisalimia shikamoo kwa heshima zote halafu akacheka. Sawa tu. Yeye yuko kwenye kikomo chake, mi nilikuwa na bar 30 badala ya 40 na kilo 50 badala ya 60.

Tulitaka kurudia jioni ileile. Mwenzangu akaangalia saa, akaangalia tangi, uwanja unafungwa baada ya saa moja na dakika arobaini. Tukalipakia kwenye gari bado lina joto, Mzee akawa keshatoa tochi yake.